Tundu la Chini kwenye Chumba cha Dawa

Yaeda Chini, 6 Agosti 2017

Baba, shikamoo. Natumaini wewe na mama hamjambo na kifua chako kimepata nafuu. Mimi mzima, ila joto la huku linanichosha.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningenyamaza, unanijua. Kiyoyozi cha chumba cha dawa hapa zahanati kimefika na fundi Meshack ananifundisha kukifunga. Hakitumii gesi ya zamani, kinatumia propani. Kinakula umeme mdogo, betri za sola zitadumu hadi asubuhi, na dawa za nesi Philomena hazitaharibika tena. Ila propani inawaka kama gesi ya kupikia. Kijitabu chake ni cha Kiingereza, nimekisoma mwenyewe: ikivuja inashuka na kutuama sakafuni. Chumba kidogo kama hiki lazima kiwe na tundu chini.

Tundu lilikuwepo kwenye ramani. Wewe uliliziba ulipojenga.

Fundi alipoona akasema, "Nani huyu? Aliogopa dawa zitapata mafua?" Wote wakacheka. Baba, na mimi nilicheka. Sikusema kuwa ni wewe. Naomba ruhusa tulitoboe.

Mwanao,
Verdiana

Tumati, 11 Agosti 2017

Marahaba mwanangu. Mama yako mzima. Kifua bado, upepo wa huku unakijua.

Nimejenga toka Endagikot hadi hapa. Kwetu tundu la chini ni njia ya baridi na panya. Fundi akiliacha anaitwa mvivu. Na wewe uliyekulia kwenye nyumba niliyoiziba vizuri, ukacheka.

Ukuta ule usiguswe.

Baba yako,
Qamara

Yaeda Chini, 27 Agosti 2017

Shikamoo baba. Poleni na upepo. Nimechelewa kujibu kwa aibu tu.

Ukuta sijaugusa. Barua yako ilipofika nilimwambia fundi, nesi akiwepo, "Huo ukuta ni wa baba yangu." Sauti ilitoka ndogo, akasema rudia. Nikarudia. Hakucheka tena. Akasema, "Basi tumsubiri mzee. Lakini mashine siwashi."

Kwa hiyo imefunikwa turubai. Jana nesi alitenga tena dawa za kutupa.

Baba, kwa nyumba ya Tumati hukukosea. Huku ni joto, na ubaridi utakaopotea kwenye tundu ni kidogo. Ila gesi ikituama usiku, cheche moja ya swichi inatosha. Anayefungua chumba asubuhi ni mimi.

Mwanao,
Verdiana

Tumati, 2 Septemba 2017

Marahaba Verdiana. Huku wazima, hata kifua.

Dereva wa gari la mnada anakuletea barua hii pamoja na tindo yangu. Toboa wewe, si huyo fundi wako. Kona ya mlangoni, tofali la chini kabisa. Saruji iliniishia pale nikashikiza kwa udongo, litatoka bila shida. Weka wavu, panya wa huko siwaamini. Tindo irudi.

Nimemsomea mama yako ile ya mafua. Amecheka mpaka akakaa chini. Mimi kidogo tu.

Mtu akiuliza nani kalitoboa, sema kwa sauti ya kusikika: binti wa aliyeliziba.

Baba yako,
Qamara