Mkono wa Dereva Getini

Nyumbani, nyuma ya kiwanda cha sabuni,
14 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo huko ugenini? Shemeji hajambo, na mapacha vifua vimepoa? Sisi wazima, ila magoti yangu yananikumbusha umri, nami nayapuuza.

Binti yangu katolewa plasta ya mguu. Anatembea! Daktari mwenyewe kashangaa mfupa ulivyounga upesi. Nikamwambia, "Daktari, huyo kanyonya kwangu." Alicheka mpaka miwani ikamteleza.

Kwenye simu hukusikia vizuri jinsi alivyogongwa. Unakumbuka tulipokuwa tukimpelekea baba chakula kule bohari, wewe na chupa ya chai, mimi na sufuria? Getini hatuvuki mpaka dereva atuone, ainue mkono. Baba anatupigia kelele toka ndani, "Subirini mkono, nyie!" Ee, mdogo wangu, madereva wale walitujua kwa majina! Yule mnene aliinua yote miwili, ukacheka hadi chai ikamwagika. Natamani siku moja tu ya siku zile.

Mwanangu nimemlea hivyo hivyo. Sasa ni mkuu wa stoo, ana kiti cha kuzunguka na funguo zote za bohari ile ile ziko kiunoni kwake, lakini getini husubiri mkono. Siku ile dereva wa lori akauinua, binti akavuka. Kumbe dereva anateremsha tu kibao cha kukinga jua, wala hakumwona. Bampa likampiga, mguu ukavunjika chini ya goti.

Bosi alikuja na matunda kuuliza atarudi lini. Binti akamjibu palepale kitandani: "Waenda kwa miguu wakipata mlango wao, nitarudi. Wakikosa, funguo zako hizi." Nikabana pumzi; kazi kama ile haiokotwi. Bosi kala chungwa katika yale yale aliyoleta. Wiki iliyofuata mafundi wakatoboa ukuta.

Nimekwenda kuuona. Mlango mwembamba, gari haliwezi hata kuchungulia. Nikapita, nikarudi, nikapita tena. Mlinzi akauliza, "Mama, umepotea?" Nikamwambia, "Huu mlango wa mwanangu!" Ila hapo hakuna dereva wa kukuinulia mkono, na moyo ulinisinyaa kidogo, nikamkumbuka baba.

Jumatatu anarudi kazini. Kasema nisimsindikize, nitamwaibisha mbele ya vijana wake. Nitamsindikiza.

Nisalimie shemeji, mapacha, na yule wifi yako mwenye maneno mengi. Mungu awatangulie kila mtokapo na kila mrudipo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu ukiwa mgongoni kwangu.