Nzi wa Jogoo Mwekundu

Jumanne, 3 Juni 2025

Baridi. Daktari alizungumza na binti yangu Wangechi kando, naye amerudi mpole mno. Basi nimejua.

Muli, niliyemfundisha kuvua, alikuja kutoka Thika na uji wa wimbi kwenye thamosi. Pia nzi mpya wa kuvulia trauti – manyoya ya jogoo mwekundu kwenye ndoana ndogo, ili samaki adhani mdudu ameanguka majini. "Mwalimu, hebu angalia. Shingo ya huyu nzi bado ni nene?" Nikamwambia ni nene kidogo.

Mungu anisamehe. Shingo haina kosa. Yule trauti mkubwa wa 1988, aliye kwenye picha sebuleni, sikumpata kwa nzi. Nilimpata kwa chambo cha mnyoo, kule juu Mto Thika, mahali ambapo minyoo ni marufuku. Muli alikuwa nyuma ya kona. Alipofika nikamwonyesha nzi mwekundu, nikamsimulia eti jinsi alivyomnasa. Tangu siku hiyo anatengeneza nzi wa aina hiyo, hapati kitu, analaumu vidole vyake. Wanaovua kwa minyoo, yeye huwaita wachimba makaburi.

Alhamisi, 5 Juni

Muli amepiga simu. Jumamosi anapanda mtoni. Anataka nile trauti tena, aliyeshikwa na nzi wangu. Nikamkumbusha goti lake bovu. "Goti halivui samaki, Mwalimu."

Maneno yote yalikuwa mdomoni. Nikasema: jihadhari na mawe, yanateleza.

Woga tu. Wengine wananiombea kwenye WhatsApp. Yeye anakuja.

Ijumaa, 6 Juni

Nilimpigia ili nimwambie ukweli. Simu imezimwa. Nilihisi nafuu, na nafuu hiyo ikanitia aibu.

Jumamosi, 7 Juni

Amerudi. Matope hadi magotini, anachechemea, trauti ndani ya mfuko wa unga. "Nzi wako, Mwalimu. Kumtupa tu, samaki akamchukua!" Nilifurahi. Kwa muda mfupi niliamini kwamba labda sikuwahi kudanganya.

Kisha Wangechi akaniita jikoni. Nikajikokota. Nzi hushika mdomoni, lakini mdomo wa samaki huyu haukuwa na alama. Ndoana ilikuwa kooni – kubwa, uzi umekatwa, kipande cha mnyoo bado kimeshikilia.

"Baba, hii ndiyo nzi yenyu?"

Nikamwambia aitupe na asiseme kitu.

Muli! Mtu ambaye hajawahi kuvunja sheria ya mto ule.

Nimewaambia naja, natafuta sweta. Naandika nikiwa nimekaa kitandani. Mlango uko wazi kidogo. Namsikia akimsimulia Wangechi jinsi nzi alivyotua, maji yakatulia, kivuli kikapanda kutoka chini ya jiwe. Ni maneno yangu ya 1988, hata mahali pa kunyamaza ni pale pale.

"Mwalimu, chakula kinapoa."

Harufu imefika huku. Mkongojo ninao mkononi. Nikisema uongo wangu leo, atajua nimeuona wake. Nisiposema, itabidi nile.

Anaita tena. Sasa nasikia anakuja mwenyewe, lile goti