Chupa ya Vitamini C ya Jumatatu

Bombambili, Songea. Jumapili, Februari.

Manyunyu tangu misa ya kwanza, na moyo wangu mzito hata kalamu naisukuma.

Nimeharibu. Naandika hapa kwa sababu hapa nyumbani sina wa kumwambia.

Asubuhi Mama alikuwa anabandika vijipande vya sabuni vilivyobaki juu ya mche mpya. Nikamcheka. "Mama, siku hizi sabuni zimejaa madukani."

"Zikijaa ndiyo nitupe?" akasema, akaendelea kubandika.

Kicheko kikanikauka. Nilikumbuka chupa yangu ya maabara.

Huko ughaibuni nimekaa miaka minne nikipima jinsi molekuli zinavyovuka utando wa mafuta, kama ule unaozunguka kila seli. Molekuli unazipa alama, elektroni moja isiyo na mwenzake, na mashine ya ESR inaiona ndani ya sumaku. Kisha unatia maji ya vitamini C. Alama zilizo nje ya utando zinazimika papo hapo. Za ndani zinazimika kidogo kidogo, kila molekuli inapovuka kwenda nje, na mashine inachora mstari unaoshuka. Ukishuka polepole, maana yake kuvuka ni kugumu.

Maji hayo yanatakiwa kutengenezwa upya kila siku, kwa sababu yakikaa yanapoteza nguvu. Wenzangu walimwaga yaliyobaki kila jioni. Mimi nilishindwa. Nimekua nikipanga foleni ya sukari na mama yangu, siwezi kumwaga kitu ninachoona bado kipo. Nilitengeneza Jumatatu nikatumia hadi Ijumaa, na sikumwambia mtu.

Leo nimefungua daftari la maabara nikapitia tarehe. Utando mtupu, usio na kolesteroli, niliupima Jumatatu na Jumanne. Ule wenye kolesteroli, Alhamisi na Ijumaa. Wiki zote.

Kwa hiyo ule mstari unaoshuka polepole, ambao ndio tasnifu yangu nzima, huenda haukutokana na kolesteroli hata kidogo. Huenda vitamini yangu ilikuwa imekufa tu.

Kurudia haiwezekani. Ufadhili umeisha, na zamu yangu kwenye mashine amepewa mtu mwingine. Nimebakiza kutetea tasnifu, mwezi wa tano. Nikinyamaza, nadhani hakuna atakayegundua. Nikisema, narudi Songea mikono mitupu.

Najichukia kwa kuandika hilo la kunyamaza, lakini nimeliwaza mchana kutwa.

Saa kumi Baba akaja na karatasi. Amekwisha kumwomba padri misa ya shukrani Jumapili ijayo, kabla sijasafiri. "Niandikie kwa Kiswahili ulichogundua, mwanangu. Mstari mmoja tu. Nitasimama niusome mwenyewe."

Ningeweza kusema palepale. Nikaandika: Kolesteroli hupunguza mwendo wa molekuli zinazovuka utando wa seli.

Niliandika bila kusita, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Barua kwa profesa anayenisimamia nimeianza mara tatu. Haijavuka salamu.

Baba yuko sebuleni sasa hivi, anaukariri ule mstari kwa sauti. Neno kolesteroli linamshinda. Anarudia, anakohoa, anarudia tena. Haya, amelipatia, na anamwita Mama aje amsikie.

Nitamwambiaje aache?