Nilisema Niko Sawa, Afande

Jumanne, Julai. Ukungu haujaondoka kwenye vilima vya Kilungu tangu asubuhi, na mgongo na magoti vilijua kabla yangu.

Barua ya madaktari wa jeshi imefika. Rufaa yangu imekataliwa. Kiwango changu cha ulemavu kinabaki asilimia kumi kwa sababu nilisimama wima, niliinama bila msaada na sikulalamika.

Yote ni kweli. Hilo ndilo linaniudhi.

Siku ile ya kupimwa upya nilinyoa ndevu, nikapiga pasi shati. Nilipoona daktari ana cheo begani, mwili ulijinyoosha wenyewe.

"Mzee, unaendeleaje?"

"Niko sawa, afande."

Kalamu yake ikaanguka, nikaiokota. Afisa hawezi kuinama nikiwa nimesimama tu. Nilipoinuka niliuma meno, lakini yeye alikuwa anaandika. Siku mbili baadaye sikuweza kuvaa soksi.

Kwa miaka kumi na tisa jeshini niliruka kutoka kwenye malori na mzigo mgongoni. Hakuna aliyeuliza kama naumia.

Mara ya kwanza nilipopimwa, mke wangu Syombua alikuwa hai na aliingia pamoja nami. Niliposema niko sawa, alicheka. "Daktari, huyu hata akivunjika shingo atakwambia yuko sawa. Muulize nani humfunga kamba za viatu."

Ile asilimia kumi, ni yeye aliyenipatia.

Tulimzika mwaka jana.

Leo binti yetu Mwende amesoma barua mara mbili, akaniangalia. "Baba, kwani ulienda gwaride?"

Kiwango kisipopanda jeshi halitanilipia upasuaji wa magoti, na shamba letu ni mteremko mtupu. Imebaki nafasi moja, ya kujieleza kwa barua.

Mwende amenipa karatasi. Nimeanza mara tatu, na mara zote nimeandika kwamba nilitumikia nchi kwa uaminifu. Amezikata sentensi zote tatu kwa kalamu.

"Hawajauliza hiyo. Andika vile unaamka."

Kuandika "siwezi" ni kama kumsaliti mtu, sijui nani. Lakini nimeandika: Siwezi kuamka mara moja. Nakaa kando ya kitanda mpaka miguu ikubali. Zamani mke wangu alinivuta mkono. Sasa nashika ukuta.

Mwende hajakata kitu hapo. Amekunja karatasi, akatoka nje kuanua nguo ambazo bado zimelowa.

Kesho tunaipeleka.