Dakika ya Kumi na Sita

Kairo, 9 Februari 1988

Dada yangu Inshirah,

Salamu nyingi. Nyumbani wote wazima, natumaini na goti lako limepoa.

Nimekaa siku tatu bila kuandika ili hasira zipungue. Hazijapungua. Unajua treni yetu ya kuja huko ilikwama Damanhuri kwa ukungu. Unajua nilimpandisha Mzee Labib ngazi za klabu nimemshika kwapani, maana tangu figo zife miguu haimbebi. Nawe, mwamuzi wa mashindano, ukatazama saa ya ukutani. "Dakika kumi na sita," ukasema. "Sheria ni kumi na tano. Meza yenu nimewapa wachezaji wa akiba."

Mzee yule ndiye aliyetufundisha mchezo wa briji mimi na wewe, sebuleni kwake, tukiwa hatujui hata kushika karata. Daktari alishamwambia hayo ndiyo mashindano yake ya mwisho. Alikaa kwenye benchi la ukumbini, tai shingoni, mpaka treni ya jioni.

Hilo ningelimeza. Lakini baada ya chakula cha mchana mke wa mwenyekiti wa klabu alirudi kutoka saluni, dakika ishirini na tano baada ya kengele. Ukamvutia kiti, ukamkata pointi mbili basi. Mimi niliona. Mzee naye aliona. Nieleze.

Mdogo wako,
Wagdi

Aleksandria, 15 Februari 1988

Mdogo wangu Wagdi,

Nashukuru kusikia mko wazima. Huku ni mvua tu, na goti bado linanisumbua.

Sheria niliibandika mlangoni: dakika tano za kwanza msamaha, kisha pointi zinakatwa, kumi na tano zikipita anaingia wa akiba. Jozi ishirini na saba zilikuwa zimekaa zikinitazama. Ningewaingiza, kila meza ingenong'ona kwamba nimembeba mdogo wangu. Ungekuwa mtu baki, huenda dakika ile moja ningeifumbia macho.

Kuhusu yule mama, nilikosa. Wa akiba waliobaki walishakwenda zao, klabu iko mikononi mwa mumewe, na mkataba wangu unaisha Juni. Nilimwogopa. Wewe na mzee sikuwaogopa.

Mwambie Labib nataka kuja kumwomba radhi. Sitaki kumtokea mgonjwa ghafla, nikampandisha presha. Akikubali, niandikie, nitapanda treni siku hiyo hiyo.

Dada yako,
Inshirah

Kairo, 23 Machi 1988

Dada,

Salamu. Sisi wazima.

Mzee Labib alifariki juzi, tukamzika jana adhuhuri. Simu ninayo, na namba yako ninayo. Nimengoja maziko yaishe ndipo nikuandikie, makusudi, nawe uonje kufika mahali ukakuta mambo yameanza bila wewe.

Mdogo wako,
Wagdi

Aleksandria, 30 Machi 1988

Wagdi,

Nisalimie watoto.

Nilikuja Kairo Jumapili, kwako sikupita. Mjane wake, Bi Ivon, alinipa kahawa isiyo na sukari, akaketi akiangalia dirishani. Nilikuwa karibu kuaga alipouliza, "Alipokuita, mbona hukuja?"

Sikuelewa. Akanisimulia kwamba mzee alipopata salamu zangu alicheka, akasema nilifanya sawa kumtoa yeye, kosa langu ni kutomtoa na yule mama. Akakwambia uniandikie nije. Ukamwambia umeshaandika. Kwa karibu mwezi mzima, kila siku ambayo hakupelekwa hospitali kusafishwa damu, alinyolewa ndevu, akavalishwa koti, akataka karata ziwekwe mezani na viti vinne vipangwe. Wiki moja kabla hajafa alikuuliza tena, ukamjibu mbele ya mkewe: "Amesema ana mashindano."

Baada ya hapo hakuvaa tena koti.

Nilikifungua kinywa nimwambie Bi Ivon kwamba sikupata barua yoyote. Kisha nikakumbuka kuwa hana mtoto. Wewe ndiye unayempeleka kanisani, wewe ndiye unayemchukulia dawa zake. Akikufukuza atabaki na nani? Nikamwambia ni kweli, nilikuwa na mashindano.

Alinyanyuka akanifungulia mlango. Wewe anakuombea dua kila asubuhi, alinieleza mwenyewe. Mimi ameniambia nisikanyage tena pale, na kaburini pia nisifike.

Usinijibu.

Inshirah