Vijiko Viwili

Kongwa, 9 Juni 1996

Dada Priska,

Shikamoo. Huku tumeshavuna uwele, na yule mbuzi wa baba mwenye doa usoni amezaa mapacha. Nikakimbilia chumbani kumwambia baba, nikafika mlangoni ndipo nikakumbuka.

Umeniuliza kama siku ile alikunywa dawa tena baada ya wewe kupanda basi. Alikunywa, dada. Nilirudi kutoka shambani mchana nikamkuta ile kansa inamtesa, akaniambia tangu asubuhi hajapewa kitu. Niliona chupa imepungua. Lakini kwetu nani anamwambia baba yake, "Umeshakunywa"? Nikampimia kijiko cha mofini kama nesi alivyotuagiza. Akasema, "Asante Restuta, sasa nitalala."

Jioni pumzi zilikuwa chache, zinakuja kwa mbali. Tulipomfikisha zahanati alikuwa ameshakata roho.

Mganga alitaka kujua nani alikuwa anampa dawa. Nikamjibu ni mimi peke yangu, na kwamba nilikosea kupima. Watu wa ukoo nimewaambia hivyohivyo. Shangazi hanisemeshi tangu matanga, lakini atazoea.

Kwa hiyo usiniandikie tena kuuliza. Najua alikuomba kama alivyoniomba mimi, na wewe usingeweza kumnyima. Nilipotandua kitanda chake nilikuta vijiko viwili, changu na chako. Niliviosha vyote kabla watu hawajaanza kuingia.

Mdogo wako,
Restuta