Mke Wangu Amelichoka Tabasamu Langu

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla sijaivunja nyumba yangu kwa wema. Mimi ni fundi makochi, karakana yangu ni chumba kimoja kirefu nyuma ya nyumba tunayoishi, nafanya kazi na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, na kwa miaka mingi tulikuwa watu wa kelele, tunaimba, tunabishana, tunataniana na wateja, mke wangu naye akiwa jikoni anajibu utani kupitia dirishani, hata majirani walikuwa wakisema karakana ile haihitaji redio.

Sasa mwaka jana nilianza mazoea ya kukaa kimya kila asubuhi kabla ya kufungua mlango, nakaa juu ya kochi ambalo halijavishwa kitambaa, nafumba macho, na nikishamaliza sala zangu za siku zote najiuliza swali moja tu: jana nilisema nini ambacho mimi mwenyewe sikukiamini? Mshauri, jibu lilikuwa lile lile kila nikikaa, nalo ni "njoo Jumamosi." Unatujua sisi mafundi, kila mteja tunamwambia Jumamosi, hata yule ambaye kitambaa chake bado kiko dukani, na neno hilo lilikuwa likinitoka kama chafya. Nikaliacha. Nikaanza kuwaambia watu ukweli, wengine wakanuna, wengine wakaondoka na makochi yao, lakini waliobaki wakatulia na mimi nikatulia, na raha niliyoipata siwezi kuieleza, ni kama mtu aliyevua kiatu kilichokuwa kikimbana tangu ujana.

Tatizo lilianza pale wateja walipoanza kunisifu. Mmoja akasema, "Fundi, siku hizi una nuru usoni," mwingine akamleta rafiki yake aje akae karibu nami kidogo, wakanipa jina la Mtulivu, nami nikaona mtu mwenye jina kama hilo hawezi kupiga kelele, basi nikaanza kuongea taratibu, nikaacha kuimba, nikaacha kubishana, mtu akikosea namtabasamia. Majuzi shemeji alifunga springi za kochi la bibi mmoja bila kuzikaza, kosa nililiona kwa macho yangu, nikasema kwa upole, "Kila jambo lina sababu yake," tukalipeleka. Bibi akakaa, springi ikamchoma, akaruka, na mimi nikamtabasamia. Akaniambia, "Unanichekea nini wewe? Njoo ukae hapa, na wewe uipate hiyo amani."

Mke wangu aliposikia alicheka mpaka machozi, kisha yakawa machozi ya kweli. "Baba watoto," akasema, "unanitabasamia kama daktari wa meno. Nikikuuliza kama chumvi imezidi, unaniambia yote ni sawa. Mimi sikuolewa na picha ya ukutani." Shemeji naye akadakia, "Nitukane basi, shemeji, hata kidogo, nijue upo." Sasa mke wangu anataka niache kukaa kimya asubuhi, anasema kimya hicho ndicho kilichomwibia mume, na anataka jibu kabla dada yake hajaja kututembelea. Nampenda mke wangu, lakini nikiacha naogopa Jumamosi zitarudi. Nifanye nini?

Mtulivu wa Makochi

---

Fundi,

Hilo jina jingine sikuiti, na utaelewa kwa nini.

Kwanza pokea pongezi zako, maana baada ya hapa sitakubembeleza. Nimesoma habari za watu wengi waliojifungia mapangoni kutafuta nafsi zao, na wengi wao walirudi na maneno marefu tu. Wewe ulikaa juu ya mbao na springi, ukarudi umeacha uongo mmoja. Hayo ndiyo matunda. Asikudharau mtu.

Lakini sasa niambie. Ulipoiona ile springi imelegea ukasema kila jambo lina sababu yake, uliamini? Hukuamini hata kidogo. Ulijua sababu yake ni uvivu wa shemeji yako. Tabasamu ulilompa yule bibi lilikuwa Jumamosi nyingine, ila safari hii umeivisha kanzu. Na asubuhi iliyofuata ulijiuliza swali lako? Nadhani hukujiuliza. Nadhani ulifumba macho ukabaki kusikiliza jinsi ulivyotulia.

Nani aliwafundisha watu kwamba ukweli huongea kwa sauti ya chini? Siku hizi wamejaa kila mahali, wanatembea kama wamebeba mayai, wanaongea kama wanaogopa kumwamsha mtoto, na ukiwakanyaga mguu wanakushukuru huku wanakulaani moyoni. Huo si utulivu, ni woga uliooga. Wewe Mungu alikupa koo la kuimba na ulimi wa ubishi. Ukitafuta nafsi yako halafu ukarudi na ya mtu mwingine, umetafuta nini?

Mkeo ana haki ya kulia, ila amemkamata mwizi siye. Kimya hakikumwibia mume. Sifa ndizo zilizomwiba, nawe ulizifungulia mlango. Kwa hiyo kukaa kwako asubuhi usikuache, na umwambie hivyo waziwazi, bila ile sauti ya daktari wa meno. Kisha ukitoka karakanani nenda jikoni umuulize yeye lile swali lako: "Mke wangu, jana nilisema nini ambacho wewe hukukiamini?" Atakujibu. Usitabasamu anapojibu. Na chumvi ikizidi, sema imezidi, kisha ule.

Shemeji yako mkaripie leo hii. Kijana anaomba karipio kama mwenye kiu anavyoomba maji, wewe unampa mahubiri. Wale wanaokuja kukaa karibu nawe wape koleo wang'oe misumari ya makochi ya zamani. Mwenye haja ya kweli atabaki, na utakuwa umepata msaidizi. Wengine utawaona migongo.

Dada wa mkeo akija, azisikie kelele zenu tangu barabarani.

Na leo, kabla ya kazi nyingine yoyote, nenda na shemeji yako kwa yule bibi, mwombeni radhi, mlirudishe kochi mkalifunge upya, na siku ya kulipeleka ulikalie wewe kwanza, mbele yake, kwa uzito wako wote. Atakuuliza litakuwa tayari lini. Piga hesabu ya kazi yako kwa haki kabla hujafungua mdomo. Na kama kweli ni Jumamosi, mwambie Jumamosi.